Je, bingwa wa upasuaji wa plastiki anaweza kuishi kwa kazi yake magharibi mwa Kenya?

MwanaKhayega

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni daktari wa kawaida katika hospitali moja ya serikali Kaunti ya Kakamega, na tangu nimalize mwaka wa mafunzo ya kazini nimehudumu zaidi katika idara ya upasuaji. Kaunti imetangaza kwamba itapokea maombi ya likizo ya masomo, nami nimekusudia kuomba, ila sijaamua ni fani gani nitakayoiandika kwenye fomu. Wakubwa wangu wananishauri nisomee upasuaji wa jumla, kwa hoja kwamba mpasuaji wa jumla hakosi kazi popote palipo na chumba cha upasuaji. Mimi nimevutiwa na upasuaji wa plastiki, na si kwa sababu ya kliniki za urembo tunazoziona kwenye mitandao. Wadi yetu haikosi mtoto aliyeunguzwa na uji au chai, wala haikosi kijana wa bodaboda ambaye mfupa wa mguu umebaki wazi kwa sababu nyama na ngozi ya kuufunika imenyofoka. Wengi wao tunawasafisha vidonda, tunawafunga bendeji, kisha tunawaandikia rufaa ya Eldoret au Nairobi, rufaa ambayo mara nyingi familia haina nauli ya kuifuata.

Ningependa kujua kutoka kwa waliotangulia kama kweli kuna kazi ya kutosha ya fani hii huku kwetu, au nitarudi na cheti cha ubingwa kisha nipangwe tena kwenye zamu za upasuaji wa kawaida. Pia naomba mwongozo kuhusu njia ya kusomea, kati ya ile ya chuo kikuu na ile ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa kanda yetu, hasa kwa mtu mwenye watoto wadogo nyumbani. Suala la kipato sitalificha: nalo linanihusu.

Mpasuaji wa Winam

Daktari, pole na kazi, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kujaza fomu. Mimi ni bingwa katika fani hiyo, kituo changu ni Kisumu, na huitwa mara kwa mara katika kaunti za jirani. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu swali lako la kwanza hujibiwa vibaya hata na madaktari wenzetu, ambao wengi wao wanadhani kwamba sisi kazi yetu ni matiti na makalio tu.

Kazi ipo, tena imeizidi mikono iliyopo. Orodha yangu ya wiki hujaa makovu ya moto yaliyokaza, miguu iliyochanika katika ajali za barabarani, watoto wenye mdomo wa sungura au kaakaa lililopasuka, mikono iliyokatwa kano na neva kwa panga, saratani za ngozi kwa ndugu zetu wenye ualbino, na wanawake waliokatwa titi kwa sababu ya saratani na wanaotaka kutengenezewa jingine. Wanaokuja kwa ajili ya urembo pekee wapo, lakini kwa mtu aliye katika hospitali ya umma huku kwetu hao ni wachache mno.

Chukua huyo mtoto wa uji unayemwona wadini. Kidonda cha moto ambacho hakijafunga ndani ya wiki tatu hivi kina uwezekano mkubwa wa kuacha kovu nene linalovuta, na hapo ndipo alipaswa kupandikizwa ngozi mapema. Asipopandikizwa, kidonda kitapona nyumbani kwa namna yake, na mtoto ataletwa akiwa karibu kuanza shule, vidole vimejikunja na kushikana na kiganja kiasi kwamba hawezi kushika penseli. Upasuaji wake si wa kutisha: unakata kovu kwa mapana hadi vidole vinyooke, unasubiri uone damu inarudi kwenye ncha zake, unavishikilia kwa nyaya nyembamba, kisha unajaza pengo kwa ngozi nzima iliyotolewa kinenani, kwa kuwa ngozi nyembamba ya paja ikiwekwa kwenye kiganja husinyaa na kuvikunja vidole upya. Kazi hiyo inaisha asubuhi moja. Kinachobaki ni banzi la usiku na mazoezi ya miezi mingi, na hapo ndipo wengi hutupotea.

Kuhusu vijana wa bodaboda, mwenzetu wa mifupa anaweza kuunganisha mfupa vizuri kabisa na bado mguu ukaoza, ikiwa hakuna wa kuufunika. Theluthi ya juu ya muundi tunaifunika kwa msuli wa shavu la mguu, na ya katikati kwa msuli wa soleo ulio chini yake. Theluthi ya chini, karibu na kifundo, ndiyo yenye taabu, maana nyama za kugeuza hazipo. Palipo na hadubini ya upasuaji na timu iliyozoea, tunahamisha kipande cha nyama kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuunganisha mishipa ya damu yenye upana wa milimita chache kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Pasipo na hadubini, ipo flapu ya surali, kipande cha ngozi kinachobaki na mishipa yake ya damu, inayogeuzwa kutoka nyuma ya mguu huohuo, na imewaokoa wengi wasikatwe mguu. Nakutajia haya ili uone kwamba sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika katika hospitali ya kaunti bila vifaa vya ajabu.

Jambo ambalo madaktari wachache hulikumbuka ni kwamba shirika la afya la AMREF lilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu wa plastiki, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliotaka kuwafikia kwa ndege wagonjwa wa mashambani. McIndoe alikuwa amejijengea jina kwa kuwatibu marubani wa Uingereza walioungua katika Vita Vikuu vya Pili. Kwa hiyo anayekuambia kwamba fani hii ni ya mjini hajui ilivyoanza katika eneo letu.

Hata hivyo wakubwa wako hawakosei kabisa. Ukiisomea plastiki bila msingi imara wa upasuaji wa jumla utakuwa fundi wa ngozi tu, na usiku wa manane hospitali ya kaunti itakuita kwa utumbo uliojisokota. Jizatiti katika msingi huo kwanza.

Muuguzi Lanet

Daktari wangu, nakusalimu kutoka Nakuru. Bwana wa Winam ameeleza ya kisu, nami naomba nieleze yanayofuata baada ya kisu, kwa kuwa nimefanya kazi na wagonjwa wa moto kwa muda mrefu.

Ngozi iliyopandikizwa haina damu yake mwanzoni. Siku mbili za kwanza huishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda chenyewe, halafu mishipa midogo huanza kuingia. Ikiwa damu au usaha umekusanyika chini yake, au mgonjwa amegeuka akaisugua, haishiki tena. Sisi hufungua bendeji kwa mara ya kwanza karibu siku ya tano, na kila aliyewahi kusimama kando ya kitanda hicho anaujua ule ukimya: bendeji ya juu inatoka kavu, ya chini inaloweshwa kwa maji ya chumvi na kubanduliwa polepole, uzi kwa uzi, ili isivute kitu. Ikitokea rangi ya waridi iliyoshikamana na kidonda, daktari anatabasamu. Ikitokea rangi ya kijivu inayoteleza, au bendeji yenye ukijani na harufu tamu tunayoijua, basi mgonjwa anarudi nyuma kwa wiki kadhaa, na ile sehemu ya paja tuliyotoa ngozi imeumia bure. Tofauti kati ya hayo mawili mara nyingi haikuwa ya mpasuaji. Ilikuwa ya nani alimwogesha mgonjwa, kidonda kilisafishwa mara ngapi, mgonjwa alikula protini kiasi gani, na kama damu yake ilikuwa ya kutosha.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, kabla ya kuchagua fani ningeiuliza hospitali nitakayorudi maswali ya kawaida tu. Je, siku ya chumba cha upasuaji itatengwa kwa ajili yako, au utasubiri wapasuaji wa jumla na wa uzazi wamalize? Mashine ya kuvunia ngozi ipo, na nyembe zake zinanunuliwa, au utatumia kisu cha mkono? Kisu cha mkono si kibaya mikononi mwa aliyekizoea, lakini ngozi ya robo ya mwili haivuniwi kwa raha. Yupo mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayejua kutengeneza banzi la mkono wa mtoto? Je, wauguzi watakaojifunza kazi hii wataachwa wadini, au watahamishwa baada ya miezi michache kama ilivyo desturi?

Nasema hivi nikikumbuka Sachangwan. Januari 2009 lori la mafuta lilipopinduka kule karibu na Molo na watu wakakimbilia kuchota petroli, moto uliwaua zaidi ya watu 100, na majeruhi wakafurika hospitali za Nakuru. Mwaka 2021 yakajirudia Malanga, kule Siaya, ingawa waliokufa walikuwa wachache kuliko hao. Barabara hizo mbili bado zinapitisha malori ya mafuta usiku na mchana. Siku moto wa namna hiyo unapotokea, bingwa mmoja aliye peke yake hatoshi hata kuwafunga vidonda wagonjwa wa alfajiri.

Mwanafunzi wa Ubingwa

Mimi nipo kwenye mafunzo sasa hivi kwa njia ya COSECSA, kwa hiyo nitajibu swali la masomo na kuwaachia wengine mengine.

COSECSA ni chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha, na hakina majengo ya kuhudhuria masomo. Unaajiriwa katika hospitali iliyoidhinishwa, unafundishwa ukiwa kazini chini ya wasimamizi, na kila upasuaji unaoufanya au kuusaidia unauingiza kwenye daftari la mtandaoni. Miaka miwili ya mwanzo ni ya misingi ya upasuaji kwa fani zote, na mwisho wake kuna mtihani wa uanachama. Ukifaulu unaingia miaka mitatu ya plastiki yenyewe, na kumaliza kwa mtihani wa ufeloo. Hii ndiyo sababu nasema ushauri wa wakubwa wako na matamanio yako havigombani: kwa miaka hiyo miwili hujafunga mlango wowote, na ukiona plastiki haikufai bado unaweza kuelekea kwingine.

Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina shahada ya uzamili katika fani hii, na mafunzo yake hufanyika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Huko utaona wagonjwa wengi wa kila aina, pamoja na wadi maalumu ya majeraha ya moto, na utakuwa na walimu kadhaa badala ya mmoja au wawili. Karo ni juu yako au juu ya kaunti, na lazima uhamie Nairobi. Kwa njia ya COSECSA unalipwa mshahara kama mwajiriwa, lakini ada za programu na mitihani unazitoa mfukoni, na mtihani wa mwisho unaweza kukupeleka nchi nyingine mwanachama kwa nauli yako mwenyewe.

Kuhusu watoto, sitakudanganya. Zamu ni za usiku, na ripoti ya utafiti utaiandika wikendi. Wenzangu wenye familia wamefaulu pale tu ambapo mama mkwe au dada alikubali kwa dhati, si kwa adabu tu. Piga pia hesabu ya umri: miaka sita ya shahada ya kwanza, mmoja wa mafunzo ya kazini, hiyo uliyokwisha kuhudumu, halafu mitano. Na mishahara ya madaktari kwetu unaijua. Mgomo wa mwaka 2024 uliodumu siku 56 ulihusu kwa kiasi kikubwa malipo ya madaktari walio kwenye mafunzo ya kazini, na suala hilo liliendelea kuburutwa baada ya mgomo kwisha. Weka akiba kabla hujaondoka kazini.

Hospitali yoyote utakayoichagua, usiulize jina lake kwanza. Omba kuona daftari la chumba cha upasuaji la miezi ya karibuni, uhesabu mwanafunzi alishika kisu mara ngapi na mara ngapi alishika tu ndoano za kuachanisha kidonda.

Kondele Juu

Naona wenzangu wameupita upande wa urembo haraka kana kwamba ni aibu, na sikubaliani nao. Mimi ni msimamizi wa kliniki moja ya binafsi mjini Kisumu ambako bingwa wa plastiki huja siku maalumu. Wanaokuja kwetu si matajiri wa kuigiza. Ni mwalimu aliyezaa mara nne na tumbo limening'inia hadi ngozi ya chini inafanya vidonda vya jasho, ni dada mwenye matiti mazito yanayomuumiza mgongo na mabega tangu ujana, ni kijana mwenye keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua, sikioni, kubwa kama ndimu iliyoanza kwa kutoga. Hiyo keloidi, kwa taarifa, ukiikata peke yake bila sindano za steroidi au mionzi, mara nyingi hurudi ikiwa kubwa zaidi, na tumewapokea wengi waliokatwa kiholela. Utamwambia nani kati ya hao kwamba shida yake si ugonjwa?

Pia ni mapato haya ya siku maalumu ndiyo yanayomwezesha bingwa wetu kubaki huku na kufanya kazi ya umma siku nyingine, badala ya kuhama. Bima kwa kawaida hailipii urembo, kwa hiyo mteja hulipa taslimu, na daktari halazimiki kungoja madai yapitishwe. Sioni ubaya wowote katika hilo, mradi mwajiri wake wa serikali anajua na zamu zake hazikosi mtu.

Ubaya upo kwingine. Fani hii imevamiwa na watu waliohudhuria kozi ya siku chache na kununua mashine. Kufyonza mafuta kunaonekana rahisi kwenye video, lakini kukivuka lita tano kwa mara moja hatari huongezeka sana, na kuna damu kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni, kuna mafuta kuingia kwenye mishipa ya damu, kuna utumbo kutobolewa. Mgonjwa akifa, umma hautofautishi bingwa na tapeli. Ukihitimu, hakikisha umetambuliwa na baraza la madaktari, KMPDC, kama bingwa katika fani hiyo mahususi, leseni yako inahuishwa kila mwaka, na una bima ya fidia ya kitaaluma kabla ya kumgusa mteja wa kwanza. Na ujizoeze kusema hapana. Mteja anayeleta picha ya mtu maarufu na kutaka pua ileile, au aliyekwisha kufanyiwa upasuaji na wapasuaji watatu na hakuridhika na hata mmoja, humpasui. Unaongea naye, na pengine unampeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili.

MwanaKhayega

Nawashukuru nyote kwa uzito wa majibu haya. Nimeshawishika na njia ya COSECSA, kwa kuwa miaka miwili ya kwanza ninaweza kuitumia Eldoret au Kisumu nikiwa karibu na nyumbani, iwapo nitapata nafasi. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza ni kuhusu bondi ya kaunti, yaani mkataba wa kurudi kuitumikia baada ya masomo: nifanyeje ili nikirudi nipangiwe kazi niliyoisomea? La pili, kuna lolote ninaloweza kuanza kulifanya sasa kwa wagonjwa nilio nao, kabla ya masomo?

Mpasuaji wa Winam

La kwanza ni la maandishi. Kabla ya kutia saini bondi, iandikie bodi ya utumishi wa umma ya kaunti kupitia kwa mkuu wa hospitali, ukiomba barua inayotaja fani utakayosomea, cheo utakachorudia, na kituo chenye chumba cha upasuaji utakakopangwa. Ambatisha orodha ya wagonjwa waliopewa rufaa kwa sababu ya kukosekana kwa huduma hii, kwa idadi bila majina, pamoja na gharama ya gari la wagonjwa kwa kila safari. Wahasibu wa kaunti husoma ukurasa huo kwa makini kuliko maelezo yoyote ya kitabibu. Ongeza na maswali ya Muuguzi Lanet, kwa kuwa mashine huchukua muda kununuliwa, na inafaa iingie kwenye bajeti wakati wewe bado uko masomoni.

La pili, anza na maji ya dripu. Mtoto wa kilo 12 aliyeungua asilimia 20 ya mwili anahitaji mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia, yaani mililita 960 katika saa 24 za kwanza. Nusu yake, 480, iingie ndani ya saa nane tangu alipoungua, si tangu alipofika kwako, na juu yake ongeza maji yake ya kawaida ya siku yenye glukosi. Pima eneo kwa kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni karibu asilimia moja, wala usihesabu wekundu usio na malengelenge. Mkono ulioungua ufungwe vidole vikiwa vimetenganishwa, kila kimoja na bendeji yake, na banzi liwekwe tangu siku ya kwanza. Kidonda ambacho hakionyeshi dalili ya kufunga kufikia siku ya kumi, toa rufaa mapema badala ya kusubiri wiki ya sita.

Na kwa kuwa watu wa kwetu wanafuga ng'ombe wa maziwa, wafundishe wahudumu wa idara ya dharura namna ya kutunza kiungo kilichokatwa. Mapema mwaka 2018 wapasuaji wa Kenyatta walimrudishia mkono kijana wa miaka 17 aliyekatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Hilo haliwezekani ikiwa kiungo kimefika kikiwa kimegandishwa au kimeloweshwa ndoo ya maji. Kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu wa maji ya chumvi, kitiwe ndani ya mfuko usiopenya maji, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu, kiungo chenyewe kisiguse barafu. Mkono wenye misuli huvumilia takriban saa sita ukiwa kwenye joto la kawaida, na zaidi kidogo ukitunzwa kwa baridi, ilhali kutoka Kakamega hadi Nairobi kwa barabara ni safari ya kutwa. Ukipata mgonjwa wa namna hiyo piga simu kwanza, kisha andika rufaa wakati gari linawashwa. Nimekutumia ujumbe wa faragha wenye namna ya kunipata.